Madam Phelesia, Aliyeifundisha Kompyuta Kuuliza

Alhamisi, tarehe 31 Julai 2025, Madam Phelesia Adoyo Nyangweso atafunga mlango wa maabara ya kompyuta ya Shule ya Sekondari ya Nyatindo kwa mara ya mwisho akiwa mfanyakazi wetu. Ameitumikia shule hii kwa miaka thelathini na sita. Klabu ya Kompyuta iliombwa kuandika wasifu wake kwa ajili ya kijitabu cha sherehe. Wanachama walimchagua mwandishi ambaye huzungumza kidogo kuliko wote, kwa hoja kwamba lazima maneno yake mengi bado yako akibani.

Madam Phelesia alizaliwa Macalder. Baba yake alichimba dhahabu, na mama yake aliwauzia wachimbaji uji. Alipomaliza shule alikwenda Suna kujifunza kupiga chapa, katika chuo kidogo kilichokuwa juu ya duka la vitambaa. Hadi leo anasema kwamba akisikia harufu ya vitambaa vipya, vidole vyake huanza kutafuta herufi.

Wasomaji ambao hawajawahi kutumia taipureta wanahitaji kuelezwa jambo moja, kwa sababu wasifu huu wote unalitegemea. Taipureta ilikuwa na kengele ndogo ndani yake. Mpiga chapa alipokaribia ukingo wa kulia wa karatasi, kengele ililia mara moja kumwonya kwamba nafasi inakwisha. Hapo alitakiwa kuamua haraka: neno linalofuata litatosha, au alishushe lote kwenye mstari mpya? Asiyeisikiliza kengele alijikuta amelikata neno katikati. Mwalimu wa chuo kile alirarua karatasi ya mwanafunzi yeyote aliyekata neno, hata kama kazi nyingine yote ilikuwa safi. Madam anakumbuka kwamba zake nyingi ziliraruliwa na kutupwa dirishani.

Alifika Nyatindo mwaka 1989 kama mpiga chapa wa ofisi. Kwa miaka mingi kila barua, kila mtihani na kila cheti cha mwenendo mwema kilipita mikononi mwake. Wazazi walimpenda kwa sababu alimwuliza kila mmoja jinsi jina la mtoto wake linavyoandikwa, kisha akaliandika jinsi alivyoambiwa. Jina lisipotosha mwisho wa mstari, alilishusha lote. Maneno mengine angeweza kuyagawa kwa kistari, lakini jina la mtu hakuligawa kamwe.

Kompyuta zilipoletwa shuleni, zikiwa tayari zimetumika na kuchoshwa kwingine, Madam Phelesia alihamishiwa maabara. Sababu iliyotolewa kwenye mkutano wa walimu ilikuwa kwamba yeye peke yake haogopi vitufe. Mtoto wake Ken, aliyekuwa akisomea kompyuta Kisumu, alimfundisha kwa simu. Mpishi wetu Jerusha anasimulia kwamba Madam alikuwa akipita jikoni simu ikiwa sikioni, akirudia maneno ambayo hakuna aliyeyaelewa, hadi wapishi wakaanza kumwita Mama Ken kwa Kijaluo na kumuuliza: “Min Ken, leo mtoto amekupa kazi ya nyumbani?”

Kwa kuwa mashine zilikuwa dhaifu, Ken alishauri ziwekewe mfumo mwepesi, ambapo mtu huandika amri kwenye skrini nyeusi na kompyuta humjibu kwa maandishi. Wanafunzi waliiita skrini hiyo ubao mweusi. Ukiandika “soma” kisha jina la somo, maelezo ya walimu hujitokeza hapo hapo. Hakuna picha wala rangi, lakini pia hakuna kusubiri. Vizazi vya wanafunzi wa Nyatindo vimejiandalia mitihani hivyo.

Ubao mweusi ulikuwa na kasoro moja. Mstari ulipofika mwisho wa skrini, kompyuta ilikata pale pale nafasi ilipokwisha, hata kama ni katikati ya neno. Nusu ya neno ilibaki juu na nusu ikaanguka chini. Kwa herufi za kawaida kasoro hii ilitokea hapa na pale tu, na sisi wenye macho mazuri tuliivuka bila kufikiri.

Halafu Irine Atieno Ogweno akaja Kidato cha Kwanza.

Irine anaona kidogo tangu utotoni, na miwani humsaidia kwa kiasi tu. Kitabu cha kawaida humlazimu kukigusisha pua, na baada ya ukurasa mmoja kichwa huanza kuuma. Kwenye kompyuta aliweza kuzikuza herufi mpaka zikawa kubwa kama kucha ya kidole gumba. Ilikuwa furaha yake. Lakini herufi zikikua, zinazoingia katika mstari mmoja hupungua, na maneno yanayokatwa huongezeka. Karibu kila mstari ulimpa kipande cha neno. Alisoma kipande, akakikumbuka, akashuka kutafuta kilichobaki, na alipokipata alikuwa amesahau sentensi ilianzaje.

Kisha orodha ya darasa ikakata jina lake. Juu iliandikwa IRINE ATIENO OGW, na chini yake, peke yake, ENO. Bravin, aliyekuwa amekaa nyuma yake, aliliona. Kuanzia jioni ile darasa zima lilimwita Eno. “Eno, wali umeisha?” “Eno, hiyo nusu ingine umeacha wapi?” Irine alicheka pamoja nao. Kwa muda alivumilia, halafu polepole akaacha kwenda maabara.

Mwaka jana, Irine akiwa Kidato cha Tatu, alama zake zilishuka sana. Mjomba wake, anayewalea yeye na mdogo wake Orpah tangu mama yao alipofariki, alikuja shuleni na pendekezo zuri alilolifikiria kwa upendo. Ahamishiwe shule ya wanafunzi wasioona vizuri, mkoa mwingine, ambako kuna vitabu vya maandishi makubwa. Tatizo lilikuwa kwamba Orpah angebaki Nyatindo. Dada hao wawili hawajawahi kulala mbalimbali tangu siku ya mazishi. Hapa bwenini vitanda vyao vimeunganishwa, na matroni huacha viwe hivyo.

Mwalimu Mkuu wetu, Bwana Mayaka, hakutaka kuamua kwa kubahatisha. Alimwomba afisa wa elimu maalumu aje kuona kwa macho yake. Ikiwa Irine anaweza kusoma maelezo yake mwenyewe, bila mtu wa kumsomea, atabaki. Ikiwa hawezi, atahama muhula ukiisha.

Madam Phelesia alipata habari hizo wakati wa chai. Aliacha kikombe kikiwa na chai, jambo ambalo wenzake wanasema halijawahi kutokea, akaenda kumtafuta Irine kwenye kamba za nguo nyuma ya bweni.

“Nyathina, mwanangu, mbona siku hizi huji lab?”

“Nakuja, Madam.”

“Unakuja saa ngapi, ukiwa umelala?”

Irine alicheka, kisha akasema ukweli. “Madam, ile mashine inanikata.”

Madam hakuuliza alimaanisha nini. Alikuwa amepiga chapa miaka mingi kiasi cha kuelewa.

Wiki hiyo, kwa msaada wa Ken kwenye simu, alianza kuandika programu yake ya kwanza, akaiita Kunja. Kazi yake ilikuwa kuyapokea maandishi kabla hayajafika kwenye skrini, kuyapima neno kwa neno, na kulishusha zima neno lolote lisilotosha. Yaani, aliiwekea kompyuta ile kengele ya taipureta.

Na aliiweka kweli. Kwa mazoea ya miaka, aliagiza mashine ilie kila inapokaribia mwisho wa mstari. Darasa zima lilipofungua maelezo ya Biolojia asubuhi moja, maabara ililia kama banda la vifaranga. Katika chumba cha pili, Kidato cha Nne walikuwa kwenye mtihani wa majaribio. Mwalimu Willis, msimamizi, aliamini kwamba watahiniwa wameingia na simu. “Kila mtu asimame! Mifuko nje! Soksi pia!” Hakuna simu iliyopatikana. Kilichopatikana ni chapati nzima ndani ya soksi ya mtahiniwa ambaye sasa yuko chuoni na ameomba tusimtaje. Kengele iliondolewa kabla ya saa nne.

Baada ya hapo Kunja ilifanya kazi vizuri. Madam alimkalisha Irine asubuhi moja, akaona ukubwa wa herufi anaoupenda, akahesabu zinazoingia katika mstari mmoja. Zilikuwa thelathini. Akaiambia programu: kila mstari usizidi herufi thelathini. Maneno yakaacha kukatika. Irine alisoma sura nzima ya Historia bila kurudi nyuma, akaomba nyingine. Kila asubuhi kabla ya gwaride alikuwa maabara, na Orpah alikaa kando yake akijifanya anasoma.

Afisa alitarajiwa saa tatu asubuhi. Mvua ilikuwa imeharibu barabara ya kutoka Homa Bay, akafika baada ya chakula cha mchana. Alikuwa mtu mpole, akaomba radhi kwa kuchelewa, akaketi. Mjomba aliketi upande wa pili. Irine akafungua maelezo, akayatazama, akasita, kisha akabonyeza vitufe na kuzikuza herufi zaidi.

Hapo ndipo mambo yalipoharibika. Skrini sasa ilikuwa na nafasi ya herufi kama ishirini tu, lakini Kunja iliendelea kutoa mistari ya thelathini, kama ilivyoambiwa. Kila mstari ulivunjika tena, mara hii vibaya zaidi: kipande kirefu, kipande kifupi, kirefu, kifupi, na maneno yamekatwa ovyo katikati yake. Irine alisoma maneno machache, akarudi juu, akaanza tena. Mara ya tatu aliacha kusoma. Alitoa miwani, akaipangusa kwa sweta muda mrefu kuliko miwani inavyohitaji kupanguswa.

Afisa hakuandika chochote. Alisema angepita tena baada ya wiki mbili, na kwamba hiyo ndiyo nafasi aliyonayo kabla muhula haujafungwa. Mjomba aliagana na Irine kwa kumshika bega. Nje, Orpah aliuliza mara moja tu, “Kwa hivyo unaenda?”

Kilichofuata Madam Phelesia amekisimulia mwenyewe kwa kila kundi jipya la klabu, na huwa hajipendelei. Wageni walipoondoka alivuta kiti, akaketi karibu na Irine.

“Kwani kwa nini uliongeza herufi? Si tulikuwa tumeshapima?”

“Mchana macho huchoka, Madam. Asubuhi naona, lakini mchana hapana. Na jua likiwa kali ni mbaya zaidi.”

“Sasa mbona hukuniambia?”

“Hukuniuliza, Madam.”

Madam anasema maneno hayo aliyabeba hadi nyumbani Ndhiwa. Alikuwa amempima msichana asubuhi moja, akadhani amemjua. Na programu alikuwa ameifundisha tabia hiyo hiyo: inajua upana mmoja, basi inadhani dunia nzima ina upana huo. Alimpigia Ken akamuuliza kama kuna njia ya kompyuta kuiuliza skrini, kabla ya kuandika mstari wowote, ina nafasi ya herufi ngapi wakati huo. Ken akajibu, “Iko, Mama. Iko siku zote. Ni kuuliza tu.”

Alibadilisha Kunja. Ile thelathini aliifuta. Sasa programu huuliza kwanza, ndipo huandika. Herufi zikikuzwa katikati ya kusoma, huuliza tena na kuyapanga maandishi upya. Kwenye skrini pana, mistari huwa mirefu. Kwenye herufi kubwa, huwa mifupi. Na maandishi yenyewe, pale yalipohifadhiwa, hayaguswi hata kidogo. Madam naye akabadilika. Kila siku, Irine alipoingia, alimuuliza: “Leo macho yameamkaje?” Anamuuliza mpaka leo, na ameanza kuwauliza wengine pia.

Afisa aliporudi, alikuja mchana kwa makusudi. Alikuwa ameleta maandishi yake mwenyewe, ripoti kuhusu ufugaji wa samaki katika vizimba ziwani, ambayo hakuna mwanafunzi aliyekuwa ameiona. Iliingizwa kwenye mashine. Jua lilikuwa likiwaka kwenye madirisha, na Bwana Mayaka aliinuka kuvuta pazia, lakini Madam akamwomba aliache.

Irine alianza. Baada ya mistari michache alizikuza herufi. Maneno yakajipanga upya, yakashuka mazima. Akaendelea. Akazikuza tena, mpaka zikawa kubwa kama kiberiti na mstari ukabeba neno moja au mawili tu. Alisoma polepole, neno baada ya neno, chakula cha samaki, kina cha maji, upepo wa alasiri, na hakurudi juu hata mara moja. Alipofika mwisho alisoma pia jina la mwandishi wa ripoti, ambalo lilikuwa la afisa mwenyewe, lenye sehemu tatu, kila moja kwenye mstari wake.

Afisa alisema, “Nilikuwa na maswali. Sasa sijui yameenda wapi.”

Mjomba alijikohoza, akamgeukia Irine. “Basi. Utakaa na mdogo wako.”

Jerusha, ambaye hakuna aliyemwalika na ambaye alikuwa amesimama mlangoni na mwiko mkononi, alipiga kigelegele kilichosikika hadi uwanjani. Orpah alipita chini ya mkono wake, akaingia ndani mbio. Madam Phelesia alitazama ukutani, akisema kwamba vumbi la maabara hii limezidi.

Kuna mmoja zaidi anayestahili kutajwa. Kesho yake Bravin alikuja maabara bila kuitwa. Aliuliza kama anaweza kusaidia kuhakikisha kwamba orodha za darasa hazikati jina la mtu. Madam alimpa kiti. Bravin alijaribu majina yote ya shule, akianza na Ogweno. Ndiye pia aliyegundua udhaifu uliobaki, kwa kuwa ulikuwa wake: faili lake liliitwa kazi_ya_jiografia_ya_bravin_ya_mwisho_kabisa_hii_ndiyo, bila nafasi hata moja ambapo programu ingeweza kulikunja. “Bravin,” Madam alimwambia, “hata kompyuta inahitaji kupumua.” Siku hizi yeye ndiye mtunzaji wa Kunja. Jina la Eno halitumiki tena Nyatindo, isipokuwa Irine mwenyewe anapotaka kumchokoza Bravin.

Programu hiyo imesafiri. Shule kadhaa za Homa Bay na Migori zimeinakili, na mwalimu mmoja kutoka Suna aliandika kwamba babu yake sasa husomea nayo habari. Hata Mwalimu Willis ameonekana akikuza herufi wakati anapodhani hakuna anayemtazama. Tulipomuuliza, alisema anakagua kama mashine ni nzima. Anakagua kila siku.

Madam Phelesia anarudi nyumbani Ndhiwa kwa kuku wake, kwa kanisa lake na kwa wajukuu ambao tayari wameahidiwa masomo ya kupiga chapa. Hataenda mikono mitupu. Taipureta yake ya kwanza ilikuwa imelala stoo miaka mingi, chini ya magoli ya zamani. Klabu iliomba ruhusa, ikaisafisha, na kengele yake ilipelekwa kwa fundi wa baiskeli mjini Migori, ambaye aliitazama, akacheka, akairudishia sauti. Hii ilikuwa siri mpaka kijitabu hiki kilipochapishwa, kwa hiyo tunaomba wanaosoma mapema wasimwambie.

Kwa niaba ya wanafunzi wa leo na wa zamani: asante, Madam, kwa mitihani uliyotuchapia, kwa mashine ulizozifufua, kwa asubuhi ulizofungua mlango kabla ya kengele ya shule. Asante kwa kuuliza majina yetu. Tunakutakia siku ndefu zenye nafasi, macho yasiyochoka mchana, na watu watakaokuuliza kila asubuhi umeamkaje, na kusubiri jibu.

Sherehe itaanza baada ya chakula cha mchana, jua likiwa kali. Mwandishi wa wasifu huu hawezi kusimama mbele ya watu, na hakulazimika kumwomba mtu amsomee. Mtu alijitolea mwenyewe. Kompyuta moja itabebwa hadi ukumbini, iwekwe mezani mbele ya kiti cha Madam. Herufi zitakuwa kubwa kama zitakavyohitajika saa hiyo. Kunja itauliza, skrini itajibu, na maneno haya yote yatashuka mazima, moja baada ya jingine, hadi kwenye mstari wa mwisho, ambao tumeupa nafasi yake wenyewe. Orpah ameshika nafasi ya mbele tangu jana. Dada yake, Irine Atieno Ogweno, ndiye atakayeusoma:

Phelesia Adoyo Nyangweso.